Polisi wa Namna Tatu Ubelgiji, na Habari Isiyofika kwa Jirani

 

Mazungumzo ya leo ni ya historia. Ni historia ya Ubelgiji, nchi iliyotutawala hadi mwaka 1960, ambayo desturi zake za parke, za PV na za jandarmeri zilibaki kwetu hata bendera ilipobadilika. Tutaangalia zaidi miaka ya 1995 hadi 1998. Swali letu ni hili: kunatokea nini polisi wa upande mmoja wanapojua jambo, na polisi wa upande wa pili, wanaolihitaji jambo hilo, hawaambiwi?

Nimechagua habari hii kwa kusudi. Watu waliokimbia vita husema mara nyingi, "Taabu yetu ni kwamba hakuna polisi." Pengine wanasema kweli. Lakini Ubelgiji polisi walikuwapo, tena wengi, wenye magari, simu, mafuta na mshahara kila mwisho wa mwezi. Na hata hivyo watoto walikufa katika nyumba ambayo majandarme waliingia ndani yake mara mbili. Kama kuna watoto wadogo karibu na redio, mzazi aamue mwenyewe kama wasikie.

Kwanza tuwajue polisi hao. Wakati ule Ubelgiji ilikuwa na polisi wa namna tatu. Kulikuwa na jandarmeri, jeshi la zamani la usalama, lililoondolewa katika mambo ya kijeshi kwa sheria ya mwaka 1991. Kulikuwa na polisi wa upelelezi waliofanya kazi chini ya parke tangu mwaka 1919. Tena kulikuwa na polisi wa komini. Ubelgiji ilikuwa na komini 589, na kila burgumesta alikuwa mkubwa wa polisi wake. Kila kundi lilikuwa na madaftari yake, makabati yake na wapelelezi wake. Magazeti ya kule yaliita mashindano yao "vita vya mapolisi". Wananchi walicheka, wakafikiri ni ugomvi wa wakubwa tu, usiowahusu.

Tarehe 24 Juni 1995, wasichana wawili wenye umri wa miaka 8 walitekwa karibu na mji wa Liège, mashariki mwa nchi. Miezi miwili baadaye, wasichana wengine wawili, mmoja wa miaka 17 na mwingine wa miaka 19, walipotea upande wa bahari. Jaji mchunguzi wa Liège alikuwa na faili la wale wadogo. Karibu kilomita 90 kutoka Liège, mwendo unaopita kidogo ule wa kutoka Goma hadi Rutshuru, kuna mji wa Charleroi. Jandarmeri ya Charleroi ilikuwa na faili la mtu aitwaye Marc Dutroux.

Huyo mtu hakuwa mgeni kwa serikali. Mwaka 1989 alihukumiwa miaka 13 gerezani kwa kuteka wasichana na kuwatenda vibaya, na mwaka 1992 akafunguliwa kabla ya muda wake. Mwaka 1993 mtu mmoja aliwaambia majandarme kwamba Dutroux alikuwa akitengeneza maficho chini ya nyumba yake, na kwamba alimwahidi fedha ili amsaidie kuteka wasichana. Basi habari ilikuwako, tena imeandikwa. Mwezi wa Agosti 1995 jandarmeri ilianza kuipeleleza nyumba yake kwa siri, na kazi hiyo wakaipa jina la Othello. Lakini jaji wa Liège, aliyekuwa akitafuta watoto usiku na mchana, hakupewa yote ambayo jandarmeri ilijua. Baadaye tume ya bunge ililiona jambo hilo waziwazi: jandarmeri ilikuwa ikiendesha uchunguzi wake pembeni ya uchunguzi wa jaji.

Mwezi wa Desemba mwaka ule Dutroux alifungwa kwa ajili ya wizi wa magari. Tarehe 13 na tarehe 19 Desemba majandarme walipekua nyumba yake ya Marcinelle. Karatasi waliyokuja nayo ilikuwa ya wizi. Walisikia sauti za watoto. Fundi wa kufuli aliyefuatana nao alisema sauti zinatoka ndani. Mkubwa wao akafikiri zinatoka barabarani. Wakaondoka. Wale wasichana wadogo walikuwa chini, nyuma ya ukuta wa uongo. Dutroux alikaa gerezani hadi Machi 1996, na hao watoto walikufa kwa njaa.

Hapa tusimame kidogo. Ni rahisi kumlaumu yule jandarme mmoja, na Wabelgiji walimlaumu sana. Mimi naona kosa lilianza kabla hajafika mlangoni. Mtu anayeingia nyumba ya mwizi wa magari husikiliza kama anayetafuta magari. Mtu anayeingia mahali palipoandikwa "maficho ya wasichana", akiwa na jaji anayemwambia "watoto wangu wawili hawaonekani", husikiliza namna nyingine. Maneno hayo mawili yalikuwa katika nchi moja, katika makabati mawili. Hakuna aliyeyaweka juu ya meza moja.

Kuweka maneno juu ya meza moja, ndugu zangu, ndiyo kazi yenyewe tunayoizungumzia. Wataalamu huiita uchambuzi wa habari za uhalifu. Jina ni kubwa, kazi ni rahisi kuielewa. Tuchukue mfano wa kwetu, mfano tu. Kuna barabara inayokata materritoire mawili. Upande huu, polisi wameandika kwamba Alhamisi moja mama mmoja alinyang'anywa maharagwe na fedha darajani. Wakasema: ni tukio moja, wanyang'anyi wamekwenda zao. Upande ule wameandika kwamba Alhamisi nyingine mwendesha pikipiki alipigwa kilimani, kisha akanyang'anywa simu. Nao wakasema: ni tukio moja. Sasa lete daftari hizi mbili, uzisome pamoja. Utaona siku ni ileile, siku ya soko. Saa ni ileile, wakati watu wanarudi. Watu ni watatu, na mmoja anavaa koti la jeshi. Kumbe si matukio mawili. Ni kundi moja linalojua kwamba mpaka wa territoire ni kichaka kizuri cha kujificha. Mnyang'anyi huvuka mpaka kwa dakika tano. PV hukaa mwaka.

Turudi Ubelgiji. Tarehe 28 Mei 1996 msichana wa miaka 12 alitekwa, na tarehe 9 Agosti mwingine wa miaka 14 katika mji mdogo wa Bertrix. Safari hii kulikuwa na shahidi aliyeona gari jeupe, akakumbuka sehemu ya namba yake. Parke ya Neufchâteau, parke ndogo ya kusini, ilichukua kipande kile cha namba, ikakilinganisha na orodha ya magari ya nchi nzima. Jina la Dutroux likatoka. Akakamatwa tarehe 13 Agosti, na tarehe 15 wale wasichana wawili walitolewa katika maficho ya Marcinelle wakiwa hai. Siku sita tangu kutekwa kwa yule wa mwisho. Mjue tofauti ilikuwa wapi: kipande cha neno la shahidi kilikutana upesi na orodha iliyo wazi kwa wote waliostahili kuiona. Wale wanne wa kwanza walipatikana wakiwa wamekufa, wawili mwezi wa Agosti na wawili mwanzo wa Septemba.

Tarehe 20 Oktoba 1996 watu kama 300,000 walitembea Brussels wamevaa nguo nyeupe na kushika maputo meupe. Hawakuvunja duka hata moja. Wazazi wa watoto walitembea mbele. Bunge liliunda tume chini ya Marc Verwilghen, na Wabelgiji waliwaona katika televisheni majandarme, majaji na wapelelezi wakiulizwa mmoja mmoja: ulijua nini, ulijua lini, ulimwambia nani? Ripoti ya kwanza ilitoka Aprili 1997.

Mngefikiri sheria ilibadilishwa siku ileile. Haikuwa hivyo. Wakubwa wa polisi walibishana mwaka mzima kuhusu nani atamezwa na nani. Halafu tarehe 23 Aprili 1998 Dutroux alimnyang'anya jandarme bunduki, akatoroka. Alikamatwa baada ya masaa machache, lakini aibu ilikuwa kubwa mno. Waziri wa mambo ya ndani na waziri wa sheria wakajiuzulu. Mwezi uliofuata vyama vinane, vya serikali na vya upinzani, vilikaa pamoja na kupatana. Mapatano hayo yaliitwa Octopus, maana yake pweza, yule mnyama wa baharini mwenye mikono minane. Sheria ikatoka tarehe 7 Desemba 1998. Jandarmeri ikafa. Polisi wa namna tatu wakawa polisi mmoja wenye ngazi mbili: ya nchi nzima, na ya maeneo 196 yaliyokusanya zile komini.

Katika sheria hizo mpya kuna jambo moja ambalo mimi naliona kubwa kuliko sare na vyeo. Polisi wote waliwekewa hazina moja ya habari, na ikaandikwa kwamba polisi anayezuia habari kwa kusudi, habari inayohitajiwa katika kazi, akakataa kuipeleka katika hazina hiyo, anaweza kufungwa tangu mwezi mmoja hadi miezi sita. Zamani kuficha faili kulikuwa ujanja wa kazi. Aliyeficha alipata sifa siku ya kumkamata mtu, picha yake ikatokea katika gazeti. Sasa kukawa kosa. Watu hawaachi kuficha kwa sababu wamehubiriwa. Wanaacha wakijua kwamba kuficha kuna gharama na kupeleka kuna faida.

Sasa najua kuna mzee huko kambini anayetikisa kichwa. Anasema: "Huyu anatuambia majina yetu yapelekwe kila kituo. Tumeona orodha zikifanya nini." Mzee huyo ana haki, na historia iko upande wake. Hatuwezi kuruka jambo hilo.

Wazo la polisi wa nchi mbalimbali kupeana habari lilizungumzwa Monaco mwaka 1914, na chama chao kikaanza Vienna mwaka 1923. Leo tunakiita Interpol. Walikusanya makaratasi ya watu, alama za vidole, majina ya uongo ya wezi wa kimataifa. Mwaka 1938 Ujerumani ya Hitler ikaimeza Austria, na makabati yote yakaingia mikononi mwa Wanazi. Mwaka 1940 mkubwa wa chama hicho akawa Reinhard Heydrich, mmoja wa waliopanga mauaji ya Wayahudi. Yaliyoandikwa kwa ajili ya wezi sasa yalikuwa chini ya wauaji. Vita vilipokwisha, mwaka 1946, mkutano wa kukifufua chama ulifanyika Brussels, na Mbelgiji Florent Louwage akachaguliwa kukiongoza. Katika katiba ya mwaka 1956 waliandika kifungu cha 3: ni marufuku kabisa chama kujiingiza katika mambo ya siasa, ya jeshi, ya dini au ya rangi za watu. Siyo kila serikali imekiheshimu kifungu hicho. Lakini kipo, na mtu akionewa ana neno la kushika. Kuna tume anayoweza kuiandikia ili faili lake lichunguzwe.

Na karibu zaidi na sisi. Katika miaka ya 1930 serikali ya Wabelgiji iliandika watu wa Rwanda na kuwapa vitambulisho vyenye neno Hutu, Tutsi au Twa. Mwaka 1994, penye vizuizi barabarani, neno hilo moja liliamua nani apite na nani auawe. Lile neno halikusema mtu ametenda nini. Lilisema amezaliwa na nani.

Kwa hiyo, ndugu, tupambanue. Tukio lina siku, saa, mahali, na namna lilivyotendwa. Lina kitu kilichoibwa, na pengine lina mtu anayeshukiwa kwa sababu fulani inayoweza kutajwa. Hayo ndiyo polisi jirani wapeane. Kabila si tukio. Kutoka kijiji fulani si tukio. Kukaa kambini si tukio. Kituo kimoja kikiandikia kingine, "Jihadharini, watu wa kambi ile ni wezi," hapo hakuna uchambuzi. Ni uchongezi wenye muhuri. Lakini kikiandika, "Ijumaa tatu zimefuatana, usiku, mbuzi wameibwa njia ya mtoni, nyayo zinaelekea kwenu," hapo jirani amepata kitu cha kufanyia kazi. Na wakimbizi wenyewe watakuwa wa kwanza kushukuru, maana wizi wa usiku huwapata wao kabla ya wengine.

Je, kwetu historia imekuwaje? Tulirithi hali ileile ya makabati mengi, kisha tukaongeza yetu. Mwaka 1972 Mobutu aliwaingiza polisi katika jandarmeri ya taifa. Mwaka 1984 akaanzisha Garde civile kando yake, chini ya Kpama Baramoto, na kando ya hao wote walikuwapo watu wa usalama wa siri. Kila mmoja alimwangalia mwenzake kuliko alivyomwangalia mwizi, na ndivyo mkubwa alivyotaka: makundi yasiyozungumza pamoja hayawezi kumpindua. Wakati wa uporaji wa Septemba 1991 na Januari 1993, raia waliona askari waliopaswa kuwalinda wakibeba friji. Baada ya mwaka 1997 ikaja Police nationale, na sheria yake kubwa ni ya tarehe 11 Agosti 2011. Jina likawa moja. Lakini Wabelgiji walituonyesha kwamba polisi wanaungana siku madaftari yanapofunguliwa, na hiyo ni kazi nyingine.

Kuhusu mipaka ya nchi, mambo yalianza kwa maandishi mazuri. Jumuiya ya nchi za Maziwa Makuu, CEPGL, iliundwa mwaka 1976 kati ya Zaire, Rwanda na Burundi, na ofisi yake ikawa Gisenyi, hatua chache tu kutoka Goma. Vita viliilaza. Mwaka 1998 wakubwa wa polisi wa Afrika ya Mashariki waliunda chama chao Kampala, ambacho hutumikiwa na ofisi ya Interpol ya Nairobi, na Kongo nayo iliingia baadaye. Mwaka 2008 chama hicho kilitoa mapatano juu ya wizi wa ng'ombe. Wafugaji wa Masisi wangeelewa mapatano hayo hata bila mwalimu: ng'ombe atiwe alama, alama iandikwe, na polisi wa upande wa pili waweze kuiuliza. Ng'ombe asiye na alama akivuka mpaka amekuwa wa yeyote mwenye fimbo.

Karatasi za wakubwa zina kazi yake, lakini habari haianzii Kampala. Inaanzia kwa mama aliyeona gari jeupe. Na hapa wakimbizi wa ndani wana taabu yao ya pekee, ambayo sijaisikia ikizungumzwa vya kutosha. Familia ikikimbia, shahidi anakimbia pamoja nayo. Faili linabaki kule, au linachomwa. Mtu aliyeona uso wa muuaji katika grupema moja yuko sasa kambini, safari ya siku tatu, na polisi wa hapo wanamwambia, "Jambo hilo si la eneo letu." Ndivyo Charleroi na Liège walivyofanya. Jibu lifaalo lingekuwa: "Keti, tuandike, tutapeleka nakala." Polisi wa mahali mtu alipo ana uwezo wa kuupokea ushuhuda na kuupitisha kwa parke. Machefu wanaosikiliza wanaweza kuliomba hilo kwa sauti, katika baraza, mbele ya mkubwa wa polisi, bila matusi na bila woga. Tangu mwaka 2013 amri ya serikali imeruhusu mabaraza ya usalama ya mahali, ambamo mamlaka, polisi na raia hukaa pamoja. Bukavu ilikuwa kati ya miji mitatu ya kwanza kuyajaribu, pamoja na Kananga na Matadi. Kama kwenu baraza lipo, waliokimbia wawe na kiti ndani yake, na mama awe mmoja wao. Wao ndio wanaozijua barabara za pande zote mbili.

Kuna hatari ya kisasi, sifichi. Shahidi asitajwe jina lake mbele ya mkutano. Chefu akipewa habari na mtu, aipeleke habari, jina alitunze kwa yule tu anayelihitaji kisheria. Daftari la polisi lisiachwe wazi penye meza ya pombe.

Na neno la kazi kwa wale wanaotaka kujua waanzie wapi. Ukipeleka mashtaka, uliza namba ya PV. Iandike mahali pako mwenyewe, pamoja na siku, jina la kituo na cheo cha aliyekupokea. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto anayesoma shule akuandikie, karatasi uitie katika nailoni pamoja na karti yako. Ukihama, nenda kituo cha mahali ulipofikia, uwape namba ile, useme: "Faili langu liko kule, naomba mwaulize." Watakapokuambia hawana mafuta wala pikipiki, na mara nyingi watakuambia hivyo, omba waulize kwa simu au kwa fonia, kisha urudi siku watakayokutajia.